Vigae Vyako, Mama Mkwe

Mama mkwe wangu,

Shikamoo, huko uliko. Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba yako hapa kijijini Mbingu, pale ulipokuwa ukirundika vigae. Hamna kitu tena, kumeota majani.

Unakumbuka nilivyoletwa kutoka mjini, Mlabani, kuwa mke wa mwanao? Wiki ya kwanza tu nikavunja chungu chako cha mboga, nikazoa vipande haraka nikavitupe shimoni. Ukanishika mkono. "We binti wa mjini, hapa wazee hawatupwi." Ukavitia kinuni, ukaniambia nitwange. Nikadhani ni adhabu, kumbe ndilo somo lenyewe. Udongo mbichi peke yake hauna adabu, ulisema, ukiona moto unapasuka. Mpaka uchanganywe na unga wa wazee, vyungu vilivyokwisha kupita motoni na kutumika miaka mingi. Ndani ya chungu chako kulikuwa na cha mama yako, na ndani ya hicho cha bibi yako. Ulidai ndiyo maana kambale wa chungu chako hakuwa na mfano, na hilo sibishi.

Basi vyungu vyako vikapendwa mno. Ulipofariki wakaja watu na gari, wakusanyaji wa vitu vya kale, wakasifu nakshi ulizochora shingoni kwa gunzi la hindi. Wifi zangu wakawafungulia stoo. Niliporudi kutoka shambani hata rundo la vigae lilikuwa limezolewa, eti nalo ni historia. Wifi mkubwa akanicheka: "Unalilia takataka?" Nililia, Mama. Vyungu vyako sasa vimekaa kwenye makabati ya watu, havijui maji wala moto.

Nimejaribu bila wazee. Nimefinyanga, nimechoma kwa mabua ya mpunga kama ulivyonifundisha, vyote vikapasuka. Binti yangu, yule mjukuu wako, alikuja kutoka Kidatu, nikamwomba akae nami nimfundishe. Akanijibu kwa upole, "Mama, nani anapikia chungu cha udongo siku hizi?"

Ulibaki mmoja tu, ule mtungi mdogo wa maji ulionifinyangia nilipojifungua, wenye alama ya dole gumba lako. Ulikuwa chumbani kwangu, hawakuuona. Juma hili nimeutia kinuni. Mkono ulikataa, nikaulazimisha. Nimetwanga mpaka alama yako ikawa unga, nikaukandia kwenye udongo.

Chungu kimetoka kizima. Nikikigonga kinalia kama vyako. Nilidhani nitafurahi, lakini nimekipakata hapa na moyo umekufa ganzi, maana hayupo wa kumwachia. Sasa nami nimo humo pamoja nanyi; siku kikivunjika, Mama, nani atanitwanga?

Mkaza mwanao,
binti wa mjini