Kitenge Chekundu Juu ya Daraja la Mugere

Dada Zuhura,

Wametoka wote mtoni. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda habari za kuzungushwa. Ulikuwa ukinikatiza, "Juma, nambie kwanza kama beko bazima, ingine nyuma." Wako wazima. Hata mbuzi wa Mama Eliane ni mzima, ingawa amenuna.

Tangu tukuzike sikuifuata mvua hata moja. Wateja wa teksi walizoea kuniuliza kama wewe, Mwalimu, umesema itanyesha, nami niliwajibu kwa mabega tu. Wingu likisimama juu ya mji, nilipandisha kioo cha gari nikaangalia kwingine. Niliikasirikia mvua, Dada, kana kwamba ndiyo iliyokuua, na kumbe ni figo. Ujinga wangu unaujua.

Leo Jumamosi lilikuja wingu lingine kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, jeusi, pana, lenye radi. Lile ambalo lingekutoa darasani katikati ya somo la jiografia, na chaki mkononi, unipigie simu nimshushe mteja nikufuate. Nilikuwa na esansi kidogo, petroli niliyoipangia foleni tangu Alhamisi. Mwenye akili angeihifadhi. Mimi nikalifuata. Nikapita Kanyosha, nikashika barabara ya kusini, ziwa kuliani, madirisha wazi, na kwa mara ya kwanza tangu hitima yako nikajikuta natabasamu. Niliongea nawe kwa sauti. Nikakuonyesha mkia wake ulivyokuwa ukiburuta juu ya maji.

Halafu nikakosea, kosa lile lile ulilonigombezea miaka yote. Niliegesha gari mbele kabisa, ng'ambo ya mto Mugere, nikakaa kulitazama wingu la ziwani kama mtu aliyealikwa. Likapiga kelele, likatikisa michikichi, likamwaga matone mawili matatu, likaenda zake. Nikacheka. Ndipo nikakukumbuka: "We Juma, apana kuangalia ile yenye inapiga makelele. Angalia ku milima."

Nikageuka. Huku kwenye tambarare jua lilikuwa linawaka, lakini milimani kulikuwa na pazia la kijivu, kimya, limenyooka mpaka chini. Lilikuwa pale pale Mugere inapoanzia. Unajua Jumamosi mtoni kuna nani: wachimba mchanga, wamama wa kuponda mawe, na nusu ya mtaa na nguo zao za kufua. Na mtu wa tambarare haogopi mvua asiyoiona.

Nikarudi mbio mpaka darajani, taa zimewaka, nikipiga honi ndefu tatu, ishara ya mafuriko, kama ulivyowafundisha. Nao, Dada, wakanipigia vigelegele! Jumamosi, honi, taa: walidhani ni msafara wa bibi harusi unakwenda kupiga picha ziwani. Mama Eliane alicheza kabisa, nyundo mkononi. Nikapiga tena, wakazidisha. Nikashuka nikaita, lakini mto una sauti yake, na yangu ulisema mwenyewe ni ya jogoo mwenye mafua. Maji yalikuwa yamekwisha kuwa ya kahawia, na majani mabichi juu yake. Ulinifundisha kwamba ukiona majani mabichi, huna hata muda wa kufunga kiatu.

Nikafungua buti. Kitenge chako chekundu, ulichokuwa ukiwapungia maji yakija, kilikuwa chini ya tairi la akiba, pale ulipokikunja mwenyewe mara yetu ya mwisho, kabla ya hospitali. Sikuwa nimethubutu kukigusa. Nilikipunga juu ya daraja kwa mikono miwili, na sitakuficha, nilikuwa nalia.

Vigelegele vikakatika. Mama Eliane akatupa nyundo, na sauti yake yeye inavuka mto: "Ni kitenge ya Mwalimu! Mutoke! Mutoke bote!" Wakatoka mbio, wakaacha sepeto, wakaacha mashuka juu ya mawe. Yeye mwenyewe akarudi kumvuta mbuzi kwa masikio, nikamtukana, Mungu anisamehe. Kisha maji yakaja na mti mzima mbele yake, yakafagia pale alipokuwa amekaa kuponda mawe tangu asubuhi.

Tulihesabiana ukingoni mara tatu. Hakupungua mtu. Nikakaa chini kwenye matope, kitenge mapajani kikilowa, nikacheka mpaka watu wakaniogopa. Dada, mwili wangu ulikuwa mwepesi, sijui nikueleze vipi. Kama nimetuliwa gunia ambalo nimelibeba tangu siku ya mazishi.

Halafu Mama Eliane akauliza, "Na Mwalimu, eko wapi?" Hawakujua. Hakuna aliyewapelekea habari, na wa kuwapelekea nilikuwa mimi. Nikawaambia. Wakakuombea pale pale, kila mtu kwa dini yake, wao kwa Baba Yetu, mimi kwa Fatiha yangu, nguo zao zikidondoka maji. Esansi ilikuwa imekwisha. Wanaume wa mchanga wakanisukuma hadi karibu na Kanyosha, wakinitania njia nzima kuhusu bibi harusi wangu.

Sasa kuna jambo. Siku ile hospitalini uliniuliza, "Mvua imenyesha wapi?" Nikasema haijanyesha popote, ili usihangaike kutaka kuinuka. Ukatazama viatu vyangu, ukageukia ukuta. Uliona vimelowa. Uongo ule umenikaa kooni mpaka leo.

Basi pokea ukweli. Leo mvua imenyesha milimani, juu ya Mugere, kuanzia kama saa nane mchana, kwa nguvu, na tambarare jua likiwaka. Nimeandika kwenye daftari lako la mvua, chini ya mwandiko wako, kwa mwandiko wangu mbaya. Kila itakaponyesha nitaifuata, na nitakwambia imenyesha wapi, iwe habari njema au mbaya. Kitenge sikukirudisha chini ya tairi. Kinakauka kwenye kiti cha mbele, mahali pako.

Pumzika, Dada. Mungu akupe nuru huko uliko. Viatu vyangu vimelowa.

Mdogo wako,
Juma