Kopa za Chokaa Juu ya Ndimu za Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa nyumbani nimeshachekwa vya kutosha.

Mimi ni mke wa miezi mitatu na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, asubuhi nikiamka namtazama mume wangu alivyolala mdomo wazi nasema kweli mimi nimependelewa, yeye ni fundi rangi, mikono yake ina madoa hata akioga mara tatu, lakini mikono hiyo hiyo ndiyo iliyonipakia chumba chetu rangi ya waridi bila kuniambia, nikarudi kutoka sokoni nikakuta hata swichi ya taa imepakwa. Namwita Laazizi mbele za watu na anaitika.

Sasa shida yangu. Mama mkwe ana kitalu cha miche, amekiendesha miaka ishirini na miwili, magoti yamemchosha na anatafuta wa kumwachia, na wifi yangu, dada wa mume, anakitaka kwa udi na uvumba. Mama akasema kitalu hakitolewi kwa maneno. Akanipa miche ishirini na minne ya ndimu, imekaa kwenye mchanganyiko wake mwenyewe wa mboji, nyuzi za maganda ya nazi na magome ya miti yaliyooza, hakuna hata kijiko cha udongo wa shamba, akaniambia, "Mwanangu, maji na jua la asubuhi, basi. Usiongeze kitu. Mwisho wa mwezi ujao nakuja kuitazama, nikiikuta hai kitalu ni chako."

Ningefuata, mshauri, wallahi ningefuata, lakini Laazizi aliiona ile mifuko myeusi ya kitaluni akasema mke wake hawezi kulea miche kwenye vitu vyeusi kama tuna msiba, akaleta makopo matupu ya rangi ishirini na manne, akayaosha, akayatoboa chini kwa msumari, akayapaka chokaa nje na ndani, ndani mara mbili, ili mizizi ikae kwenye chumba kisafi, alisema hivyo kwa ile sauti yake, mimi nikalia. Tukahamisha miche pamoja, tukaipanga barazani. Tena kila Jumapili anachukua chokaa ya unga anachora kopa juu ya mboji ya kila kopo na herufi zetu mbili katikati, mimi nikimwagilia kopa inazama, Jumapili inayofuata anachora nyingine. Ni wiki saba sasa. Majirani wanapanda ngazi kuja kupiga picha.

Wiki ya nne majani machanga yakaanza kutoka ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Nikakumbuka somo la kilimo kidato cha pili, mwalimu alisema udongo uliochoka unapewa majivu, nikaweka majivu ya jikoni, kikombe kwa kila kopo, yakazidi kuwa njano. Ndipo wifi akaja. Alisimama barazani kiganja mdomoni.

"Heee, wifi! Hizi ni ndimu au zina homa ya ini?"

"Ndivyo aina yake ilivyo, wifi."

"Aina ya kufa, labda. Na hizi kopa je? Mnapanda miti au mnacheza karata?"

Akachuma jani moja la njano, akalitia kwenye pochi, akaondoka anacheka mpaka chini barabarani.

Jioni ile mama mkwe akaomba picha ya miche. Mshauri, hapa ndipo nilipoharibu. Nilikwenda kwa jirani, nikapiga picha ya mti wake mmoja wenye majani mabichi yanayong'aa, nikamtumia mama na kuandika, "Wajukuu zako wanakusalimu." Akajibu, "Asante mwanangu. Sitangoja mwisho wa mwezi. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo."

Nikaubeba mche mmoja hadi kwa muuza mbolea. Akapima, akasema pH imepita nane, ndimu kwenye kopo zinataka kati ya tano na nusu na sita na nusu, akaniuliza, "Dada, ulikuwa unajenga humu?" Nimemficha Laazizi hayo, maana Jumapili hii kachora kopa akiimba, nitamwambiaje kuwa mapenzi yake ndiyo yanaua ndimu za mama yake? Je, nimwambie mama ni jua kali? Au ni maji ya bomba? Na ipo dawa ya kurudisha ukijani kabla ya Jumamosi?

Ni mimi,
Mke wa Fundi Rangi.

JIBU:

Mke wa Fundi Rangi, hongera kwa ndoa na pole kwa ndimu. Nilijitahidi nisicheke. Nilipofika kwenye "chumba kisafi" cha mizizi, nikashindwa.

Miche yako haijarogwa, na wifi yako, pamoja na ulimi wake, hana kosa lolote hapa. Imelishwa chokaa wiki saba mfululizo na watu wawili wanaopendana. Chokaa inapandisha pH, yaani inapunguza tindikali. Majivu nayo yanapandisha pH. Mwalimu wako hakukosea, ila alikuwa anazungumzia shamba zima lenye udongo wa tindikali. Wewe una kopo la lita nne lililojaa mboji na maganda, mchanganyiko ambao mama mkwe alishauweka sawa kabla hajakukabidhi. Kopo ni dogo, chochote unachotia humo kinabaki humo na mizizi. pH ikipanda hivyo, madini ya chuma yapo lakini mizizi haiwezi kuyanyonya, na jani changa linatoka njano na mishipa ya kijani. Mche unakufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Nawe, msomi wangu, ukaona njano ukaongeza kile kile kilicholeta njano. Kikombe kizima! Mara ishirini na nne!

Sikiliza sasa. Leo, si kesho, toa miche kwenye makopo hayo. Kung'uta kwa upole mchanganyiko ulioshika chokaa bila kukata mizizi, uipande kwenye mifuko ile ile myeusi mliyoionea aibu, kwa mchanganyiko mpya. Ukikosa wa kutosha kwa yote, kwangua tabaka la juu lenye majivu, kisha mwagilia taratibu maji mengi mpaka yatoke chini, yaache yachuruzike, rudia mara tatu. Nyunyizia majani mbolea ya chuma ya majimaji wakati wa jioni, kwa kipimo cha kwenye chupa, si kwa kipimo cha mapenzi. Muuza mbolea atakuuzia salfa ya unga ya kushusha pH. Tia kidogo anavyokwambia, na ujue inachukua wiki kadhaa, kwa sababu vijidudu vya kwenye mboji ndivyo vinavyoifanyia kazi. Siki usiguse, nakuona unaitazama. Inashusha pH siku moja, kesho imepanda tena, na mizizi imeungua. Baada ya wiki mbili pima upya, na maji ya bomba yapime pia. Majani yaliyokwisha kuwa njano yasikushughulishe, angalia yanayochipuka.

Hakuna kitakachokuwa kijani kabla ya Jumamosi. Acha kutafuta.

Mumeo mwambie leo, kwa sentensi moja: "Chokaa inaua ndimu za mama." Mwanamume aliyepaka mpaka swichi kwa ajili yako hatapasuka. Atanuna hadi chakula cha jioni. Mpe kazi ya kubeba maji, na hamu ya kuchora aihamishie ukutani, kuta hazina mizizi.

Tuje kwenye ile picha. Umesema mti wa jirani bila kunitajia ni mti gani, na nina shaka hata wewe hujui. Mama mkwe anajua. Mwanamke aliyelea miche miaka ishirini na miwili anatofautisha jani la mndimu na jani lingine akiwa usingizini. Jiulize kwa nini mtu mwenye magoti mabovu ameamua kupanda ngazi zako kabla ya siku aliyopanga mwenyewe. Haji kuona ndimu. Anakuja kuona utasema nini.

Usimtaje jua. Usiyatwike maji dhambi zenu. Kitaluni miche hufa kila wiki, na hilo analijua kuliko mimi na wewe. Anachotafuta ni mtu wa kumwambia, "Huu umekufa, na niliyeuua ni mimi." Mpigie simu kabla hujalikunja gazeti hili. Mwambie kuhusu makopo, majivu na picha, kwa mpangilio huo, bila kulia na bila kumtanguliza mumeo. Kisha usimwombe msamaha mrefu. Mwombe debe moja la mchanganyiko wake.

Jumamosi akija na debe, lipokee mlangoni mkaanze kazi. Akija mikono mitupu, mpe kiti, maji ya kunywa, na jibu la kweli kwa kila atakachouliza. Kitalu huenda akampa wifi. Bora kipotee kwa ndimu zilizokufa kuliko kwa picha ya mti wa jirani.