Ndengu za Mama kwa Mtu wa Bima

Shauri Moyo,
Nairobi.

Dada yangu Ndunge,

Kabla hujaendelea, angalia mama yuko wapi. Kama yuko karibu, ikunje barua hii uisome ukienda kuchota maji. Ningekupigia simu, lakini simu yako ina sauti ya kuhubiria, na mama husikia kila neno kutoka jikoni. Ndiyo maana nimempa dereva wa basi la kwetu akuletee, pamoja na sukari na ile dawa ya magoti.

Hamjambo huko? Mvua imenyesha, ama bado mnaangalia mawingu yakipita? Sisi ni wazima. Wifi yako Mwikali ameacha kukohoa na watoto wanaenda shule. Mimi pia ni mzima wa mwili. Uchungu uko moyoni, na leo nitakumwagia wote, maana sina mwingine wa kumwambia.

Ni habari ya gari. Unajua lilivyopatikana: miaka niliyoendesha magari ya wenyewe, akiba ya Mwikali ya chama, na kile kishamba cha kando ya mto ambacho wewe na mama mlikubali kiuzwe. Niliwaambia litafanya teksi, na kwa kuwa linachajiwa kwa stima halitatumaliza kwa petroli. Hakuna aliyenionya kwamba unachookoa kwenye petroli unakipeleka kwa watu wa bima. Kampuni ya kwanza ilisema haishughuliki na magari hayo. Ya pili ilinipa bima ndogo tu, ya kumlipa nitakayemgonga. Langu likiharibika, shauri yangu. Ya tatu ilikubali, kwa bei iliyomfanya Mwikali atafute pa kukaa. Nikauliza mbona jirani mwenye gari la petroli la ukubwa huo huo analipa kidogo. Ajenti akasema betri peke yake inakaribia bei ya gari zima, na ikiumia haizibwi, inawekwa nyingine. Bima ya teksi ilikuwa juu zaidi, sikuiweza. Nikachukua ya gari la nyumbani, ambayo hairuhusu kubeba mtu kwa malipo, nikingoja nipate nguvu nibadilishe.

Na sharti hilo nililishika, Ndunge. Nimewapita majirani stejini wakinyeshewa, nikiogopa mtu asije akaniwekea shilingi mkononi. Wakaniita mchoyo. Vijana wa hapa nje walikuwa wakiniona wanasema, "Huyo buda ni mkono birika, hata lifti hawezi kukupea."

Kisha mjomba akatuaga. Mama Atieno, yule jirani yetu anayeongoza kikundi cha akina mama hapa ploti, akaja na wenzake wawili kusema watanisindikiza mazishini. Ningewakataaje? Asubuhi ya safari akanipa leso iliyofungwa fundo. Nikamwambia siwezi kuipokea. Akakasirika.

"Wacha maringo, Mutuku. Mtu haendi matanga mikono mitupu. Hii ni pole yetu, na kitu kidogo cha stima."

Nikapokea, kama wewe ungepokea. Na fundo lile sikulifungua. Tulipofika nilimkabidhi mama, ukiwa umesimama hapo hapo.

Yaliyofuata uliyaona. Lile jiwe la kona ya kushukia mtoni, ambalo kila gari hulikwaruza likaenda zake, lilinigonga tumboni, na tumbo la gari hili ndilo betri. Tukazika, tukatoka, gari likakataa kuwaka. Kulirudisha Nairobi kulitaka lori la kulibeba zima zima, kwa sababu halivutwi kwa kamba. Fundi wangu wa Gikomba, ambaye hajawahi kushindwa na kitu chenye magurudumu, aliinama akachungulia, akaniuliza injini iko wapi.

Basi nikawaita watu wa bima. Wakamtuma kijana mmoja mpole aone mahali penyewe. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwelekeza hadi langoni kwa mama. Siku hiyo ulikuwa sokoni, ndiyo maana hujui.

Juzi waliniita ofisini. Hawakunieleza mengi. Waliweka simu mezani, wakafungulia sauti iliyorekodiwa, nikasikia kuku wetu, kisha sauti ya mama. Anamwambia kijana aongeze sukari kwenye chai. Kisha anamsimulia mazishi. "Mwanangu anaishi na watu wenye utu," anasema. "Walimchangia safari, wote watatu, na si watu wa kabila letu. Shika vizuri hayo maneno, ukawaambie wakubwa wako." Nilisikia alivyofurahi kupata mtu wa kumhadithia.

Wakazima. Wakasema nilibeba abiria kwa malipo, kwa hiyo hawanilipi. Nikawaeleza rambirambi ni nini, nikawaeleza habari ya fundo. Bwana mmoja mwenye tai akaniambia, "Mzee, pesa ni pesa." Ndunge, nilitamani kumuuliza kwao watu huzikwa na nani.

Ajenti alinifuata hadi kwenye ngazi. Akanong'ona kwamba bado kuna njia: tupate karatasi kwamba mama ni mzee, huchanganya mambo, na maneno yake yasihesabiwe. Nimekataa. Mama anajua siku kila mmoja wetu alipozaliwa na mvua ya mwaka huo ilivyokuwa. Sitamwita punguani ili nipate betri. Mwikali usiku amenipa mgongo, na sina la kumlaumu. Gari limekaa chini ya turubai mbele ya nyumba, na mimi nimerudi kuomba kazi kwa tajiri niliyemuaga nilipopata gari.

Nawachukia watu wa bima, dada. Nakuambia hivyo hivyo, na wala sitatubu Jumapili hii.

Msalimie mjane wa mjomba, na mzee wa kanisa aliyetuombea safari njema. Kaka yetu mchonga vinyago mwambie nimeacha kumcheka kwa ajili ya punda wake.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Wiki jana mama alinitumia mfuko wa ndengu na basi, kisha akapiga simu kusema si zangu, ni za yule kijana mwenye adabu aliyekunywa chai yake, kwa vile anatusaidia. Jana nilizibeba hadi mlangoni pa ofisi yao, nikarudi nazo. Mwikali amezipika leo, tumekula, watoto wakaongeza. Najua atakuuliza. Mwambie zimemfikia kijana, na amesema Mungu ambariki.

Kaka yako,
Mutuku