Mbao za Chumbani kwa Mama

Kilwa Kivinje,
9 Shaabani 1324.

Mpendwa kaka yangu Rashidi,

Shikamoo. Assalaam aleikum wa rahmatullahi wa barakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na wifi Kidawa na watoto, na kwamba lile jino lililokuwa likikusumbua limeng'olewa au limenyamaza lenyewe. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wake Mola. Mume wangu Hasani hajambo, nami mwili sijambo. Roho ndiyo siyo nzima, na sababu yake utaisoma, maana sina nia ya kukuficha.

Habari za mji ni njaa. Tangu vita vya maji viishe, watu wanaoteremka kutoka milima ya Umatumbi wanakuja na watoto mgongoni na kingine hawana. Wanachimba ming'oko porini, na hiyo nayo inaanza kuwa haba. Mtama sokoni umekuwa hadithi. Sisi tunapika mara moja kwa siku na tunashukuru. Nimekueleza haya kwanza ili ujue ni wakati gani mdogo wetu Abdulatifu aliona unafaa kutandika mbao ndani ya nyumba.

Ndiyo, Kaka, nyumba ya marehemu baba sasa ina sakafu ya mbao. Siyo nyumba nzima, ni chumba cha ndani anamolala mama.

Jambo lilianza wakati wa kipupwe, mama alipokohoa asikome. Abdulatifu, ambaye tangu aanze kupima mizigo forodhani hawezi kusema maneno matatu bila kumtaja bwana wake Mdachi, akaja na habari kwamba mganga wa Kizungu amesema kifua cha mama kinaharibiwa na unyevu wa udongo. Akasema nyumbani kwa bwana wake chini ni mbao tupu na hakuna anayekohoa. Nikamwambia nyumbani kwa bwana wake hakuna pia bibi mwenye umri wa mama. Hakunisikia.

Wewe unajua kwamba mbao za mvule, zilizokauka sawasawa, zilikuwa zikitoka upande wa Kipatimu. Lakini wapasuaji wa kule, wale waliobaki hai, hawajarudi kwenye misumeno yao. Mwenye akili angengoja. Abdulatifu akaenda Tingi akarudi na mbao za mwembe, mbichi, ukizikandamiza kwa ukucha zinatoa maji. Nikamwambia azipange kivulini, aweke vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, aziache angalau msimu mmoja. Akaniambia nishughulike na chungu changu. Basi nikashughulika na chungu changu, huku nikimsikia akipigilia misumari.

Na fundi je? Seremala anayejua kutandika sakafu za namna hiyo yuko bomani na hatoki huko. Akaletwa fundi Bakary, yule mzee anayeunda mashua. Mashua zake sina neno nazo. Ila mtu aliyeunda mashua maisha yake yote, ukimpa chumba atakuundia mashua. Akalaza boriti za mkoko, akapigilia mbao juu yake, kisha kila penye ufa akaingiza pamba na kukalafati kwa nyundo mpaka kuta zikawa zinatikisika. Alipomaliza akapaka mafuta ya papa, yale wanayopaka vyombo vya baharini. Ndani ya chumba cha kulala, Kaka. Majirani walidhani tumeanika samaki kitandani, na ubani niliochoma kuiondoa harufu ile ungetosha harusi mbili.

Kuitunza ndiyo adhabu yenyewe, na adhabu hiyo imeniangukia mimi, kwa kuwa mke wa Abdulatifu ana mimba na hawezi kuinama. Ndoo ya maji haiingii, sababu maji hayana pa kwenda, yanatuama pale pale. Nafagia, nafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, nafuta tena kwa kikavu. Jua kali la juzijuzi limezikausha mbao zikajikunja kingo, misumari ikachomoza, mmoja ukanichana kisigino. Bungua nao wameanza kula, kila asubuhi nakuta unga mwembamba. Kuku wa mama amepata upenyo akaingia chini ya boriti, anataga huko, na hakuna mkono unaofika.

Haya yote ningeyameza. Lililonishinda kumeza ni la mama.

Siku kazi ilipokwisha tulimwingiza ndani akiwa na mkongojo wake. Akatembea akigonga mbao mpaka chini ya dirisha, akasimama, akatuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi mtanichimbia wapi ufuo?"

Unakumbuka, Kaka, ni hapo baba alipooshwa, na kabla yake wale pacha ambao sisi hatukuwaona. Kitanda cha kuoshea kiliwekwa hapo, ukachimbwa ufuo chini yake ili maji ya maiti yaingie ardhini, kisha ukafukiwa. Mimi sikulifikiria. Abdulatifu hakulifikiria. Fundi Bakary, mzee mzima aliyekwishazika ndugu na marafiki, naye hakulifikiria, alikuwa akiwaza maji yasipite.

Nikamwambia mama asijali, ukumbini kuna udongo, uani kuna udongo, hata kwangu kuna udongo. Akanitazama kwa namna ambayo sijapata kutazamwa tangu nilipokuwa mwali.

"Nitolewe chumbani kwa mume wangu nikaoshwe uani kama sufuria? Na humu ndani siwekwi. Maji yangu yazagae watu wayakanyage? Sitaki kuoshwa juu ya mashua, Siti."

Akachukua mkeka wake akahamia jikoni. Yumo humo mpaka leo, katika lile banda la uani lenye makuti yaliyooza, analala chini kwenye udongo karibu na mafiga, na moshi unamwingia katika kifua kile kile kilichotandikiwa mbao. Wanawake wanaokuja kuomba moto wanamkuta hapo. Wanapokea kaa lao na kuondoka, na mimi natamani ardhi inimeze. Mvua za vuli zikianza, banda lile halitamfaa hata mbuzi.

Nilimwambia Abdulatifu ang'oe mbao chache tu za chini ya dirisha, nyingine azibakishe kama anazipenda. Akakataa. Nikamtuma Hasani, akamkatalia naye. Mwishoni nikampigia kelele mbele ya mkewe, akavaa kofia yake akatoka. Nikasema hiki ni kiburi, anaogopa bwana wake asije akasikia. Karatasi hii niliitafuta ili nikuombe wewe, mkubwa wetu, umwandikie na kumwamuru.

Jana nikaona siwezi kungoja posta. Nikachukua mtaimbo wa Hasani, nikaingia chumbani, nikaupenyeza chini ya ubao wa kwanza. Abdulatifu akasikia mlio akaja mbio. Nilidhani ataninyang'anya. Akakaa juu ya ubao ule ule, miguu ameikunja, akashika ncha ya mtaimbo kwa mikono miwili.

Nikamwambia aondoke. Akasema, "Ukiung'oa huu, Dada, umeshamchimbia."

Nikamwuliza mama alale jikoni mpaka lini. Akasema, "Maadamu hapana pa kumwosha, hafi."

Ni mtu mwenye ndevu, Kaka, anapima mizigo ya serikali. Nilitaka kumcheka, cheko halikuja. Niliketi chini karibu naye na tukakaa hivyo muda mrefu, kila mmoja ameshika upande wake wa mtaimbo, mpaka mama akaita kutoka jikoni kuuliza kama chakula cha leo kipo au hakipo.

Leo asubuhi alipokwenda kazini nilirudi chumbani peke yangu. Ubao ulikuwa umekwisha kulegea, ungetoka kwa kuvutwa kidogo. Sikuweza. Maneno yake yameniingia mikononi. Nimemkasirikia kwa hilo kuliko nilivyomkasirikia kwa mafuta ya papa.

Basi lile nililotaka kukuomba lifute. Usimwandikie Abdulatifu, hana kosa la kuamriwa. Njoo. Omba ruhusa, waambie wakubwa wako wa reli lolote watakalolielewa, upande meli ya serikali kabla Ramadhani haijaingia. Yeye hawezi na mimi siwezi. Wewe ndiye uliyemwosha baba, mikono yako inapajua mahali pale. Ng'oa mbao zile mama arudi kitandani kwake, alale akijua kwamba udongo wake uko wazi unamngoja. Pengine atakaa nasi miaka mingine mingi, atutukane wote. Namwomba Mungu iwe hivyo. Lakini asifie jikoni, Kaka. Hilo sitaweza kulibeba.

Nisalimie wifi Kidawa, mwambie kanga aliyoniletea nimeishona pindo na naivaa. Wabusu watoto. Hasani anakusalimu sana. Abdulatifu hajui kama nimeandika, ila mhesabu kuwa amekusalimu. Fundi Bakary anakusalimu pia na anauliza kama huko Tanga kuna kazi, maana hapa hakuna tena anayemwita.

Mama hakukuletea salamu. Nilimwuliza nikuandikie nini kwa upande wake, akasema salamu zako ziko jikoni, uje uzichukue mwenyewe.

Mola akulinde katika safari, nami nakuombea kana kwamba umekwisha kufunga mzigo.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,

Siti binti Abdulrahmani