Vinara vya Bibi Vinayumba, Baba

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu uweke mezani tupa yako ya kusugulia fedha, ukasema unapumzika kidogo, usiamke tena.

Tunakukumbuka ulivyokuwa ukiingia karakana kabla ya chai, miwani imefungwa uzi, ukiongea na pete za watu kana kwamba ni wagonjwa. Aliyekuletea hereni moja iliyokatika hukumcheka. Na kila Jumamosi ulisugua vile vinara viwili vya mishumaa kwa chaki iliyosagwa na kipande cha flana. Tukijitia kukusaidia ulitukemea: "Polepole jamani, hivi si masufuria!"

Kila Jumamosi ulitusimulia upya kisa chake, kama vile hatujawahi kusikia. Bibi alikuwa na bangili kumi na mbili za fedha, na mabinti watano. Akamwambia babu, sonara kama wewe, "Ziyeyushe. Sitaki wanangu watoane macho nikifa." Babu akatengeneza vinara vya kukaa mezani, viwe vya wote. Bangili mbili tu hakuziyeyusha. Alizilehemu kuzunguka vitako, ili vinara visimame imara.

Sasa sikia uchafu huu. Siku ya tatu ya msiba wako, sisi binti zako tuko uani tunapokea wageni, mwanao wa kwanza aliingia karakana, akazikata zile bangili. Kwa msumeno wako, Baba, juu ya meza yako! Kisha akadondosha nta kwenye makovu ili tusione. Vinara vikaanza kuyumba. Miezi minane tuliilaumu meza, na mama akawa anakunja karatasi na kuisokomeza chini ya mguu wa meza.

Tulikuja kuziona bangili kwenye harusi ya binamu, mkononi mwa mke wa mwanao huyo, zimepanuliwa zimtoshe. Tulipomuuliza, mwanao hata macho hakuinua kwenye sahani.

"Kwani mimi si ndiye mkubwa?"

"Mkubwa wa nini?" mama alimuuliza.

Maskini wifi yetu hakujua lolote; aliambiwa zilinunuliwa. Alizivua palepale, akampa mama. Na mumewe, badala ya kuona aibu, akamfokea: "Unanidhalilisha mbele ya watu!" Ndiye huyo uliyemshika mkono akijifunza kutembea.

Tulizipeleka bangili kwa rafiki yako, sonara wa mtaa wa pili. Alizigeuza, akazipima kwenye vitako, akaturudishia. "Zimevutwa mno. Aliyeweza kuzirudisha mmemzika." Tukarudi nazo nyumbani.

Vinara viko mezani leo, bangili zimelazwa kando. Binti yako wa mwisho alipoanza kukunja karatasi, mama alimzuia.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako watatu, dada zako, wifi yetu na wajukuu wako wote. Mwanao wa kwanza naye yumo. Sisi hatukutaka hata kumwandika, lakini mama ameshaamua. "Leo hakuna karatasi," amesema. "Avishike vinara yeye kwa mikono yake, mpaka mishumaa iishe."

Hatutakusahau kamwe, Baba.