Ngano ya Mwisho Mlimani

Shambani, nyumba ya juu,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na wifi yangu, pamoja na wanao ambao mimi shangazi yao nawajua kwa picha tu. Hamjambo huko? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakificha? Wifi anisaidie kukuchunga, maana wewe ukiulizwa hali husema u mzima hata ukiwa unatetemeka kwa homa. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika asubuhi, lakini yakishapata joto yananyamaza.

Baba yuko kwa dada yako wa pili mjini tangu miguu ilipokataa kupanda mlima. Anakula vizuri na anagombana na redio, basi tumshukuru Mungu. Nyumba hii nimebaki nayo peke yangu. Mchana kazi hunisahaulisha. Wakati wa kula ndipo upweke unaponikuta, kwa sababu mkono wangu bado unapima chakula cha watu wawili. Kiporo nakila kesho yake.

Najua unangoja habari za shamba. Nimezichelewesha makusudi.

Unakumbuka mlima huu ulivyokuwa ngano tupu, kuanzia kwetu mpaka bondeni? Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio, na Baba alituambia tusiilaani, maana ndiyo inayojaza punje. Ile baridi imehama. Siku hizi joto linaingia masuke yakiwa bado machanga, yanakomaa mbiombio, na punje inatoka nyembamba kama mtu aliyeugua. Mvua nayo imepoteza adabu: tukipanda haionekani, tukitaka kuvuna ndipo inapiga hodi. Majirani wakachoka mmoja mmoja. Huyu kaenda kwenye mahindi, yule kwenye viazi, mwingine kauza kahama. Mwaka huu nilipotazama huku na huku, ngano ilikuwa yangu tu.

Sikuelewa uzito wa jambo hilo mpaka mavuno. Nilishuka kwa dereva wa kombaini, yule tuliyembandika jina la Bwana Haraka kwa kuwa hajawahi kuwahi popote. Nilimkuta chini ya mashine, uso umejaa grisi. Alitoka akajifuta mikono muda mrefu, macho yake yanatazama chini.

"Dada, usinichukie," akasema. "Zamani nikipanda huko nilivuna mlima mzima. Sasa ni shamba moja. Mashine hii siwezi kuipandisha kwa shamba moja."

"Lakini sisi ni wateja wako tangu nikiwa msichana!"

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mwenyewe, sikumtuma mtu."

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Mdogo wangu, upweke wa nyumba nimeshauzoea, ila huu ulikuwa mwingine kabisa. Nilisimama ukingoni mwa shamba, ngano imeiva, imekauka, inasuguana kwa upepo, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia, "Hebu itazame."

Kesho yake nikautafuta mundu wa marehemu Mama, nikaunoa, nikaanzia juu. Udongo mwekundu wa kule haukai na maji, kwa hiyo ngano yake ilitangulia kuiva. Ya bondeni, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ilikuwa ndefu na yenye masuke mazito, lakini bado ina ubichi. Nikaiacha ingoje.

Nikiwa nimeinama nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Jirani Kofia, na mundu wake mkononi. Hatukuwa tumesemezana tangu aache ngano akapanda viazi, maana siku ile nilimwambia ameuvua mlima nguo. Hata salamu hakutoa.

"Mundu unaushika kama mwiko," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini kabla ya hapo. Basi tukavuna pamoja siku baada ya siku, mimi nakata, yeye anafunga, kisha tunabadilishana mgongo ukikataa. Tukapura kwa fimbo na kupepeta uani. Ngano ya juu ikaingia ghalani yote.

Ya bondeni ikaliwa na mvua. Ilinyesha bila kupumzika, na mfinyanzi ule, wewe unaujua, ukishika maji hauachii. Ngano ikalala. Ilipokatika mvua, nilichuma suke nikaona vichipukizi vyeupe vinachungulia kutoka kwenye punje. Jirani Kofia alilipokea, akaligeuzageuza.

"Udongo huu usiulaumu," akasema. "Zamani mvua ilikatika mapema, na unyevu uliotunzwa humu ndio uliotulisha. Sasa mvua haijui kukatika."

Siku chache baadaye akaniaga. Binti yake amemchukua akaishi naye mbali. Mlango wake umefungwa kwa kufuli, na mimi sasa hata wa kununiana naye sina.

Lililobaki lilikuwa kumwambia Baba. Nilizungukazunguka na simu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliona kama naenda kumpa habari ya msiba. Nilipompigia, nilimweleza kila kitu.

"Unajua hapo palikuwa na mtama?" akasema.

"Wapi, Baba?"

"Hapo hapo. Baba yangu alilima mtama. Mimi nikaung'oa nikaleta ngano, kwa sababu ardhi na baridi viliikubali. Mzee hakunisemesha msimu mzima. Wewe panda kinachokubali, mwanangu. Mimi nitakusemesha."

Nililia, mdogo wangu, wala sikujificha, ningejificha kwa nani? Nilitegemea nipate wepesi, na kweli mabega yamepungua uzito. Lakini miaka yote hii nilijiambia nimebaki huku kwa ajili ya ngano ya Baba. Sasa ameniruhusu kuiacha, na nyumba imekuwa kubwa zaidi.

Nimeamua. Juu nitapanda maharage, bondeni nitaotesha majani ya mifugo. Msimu ujao, kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, hapa hapatakuwa na ngano.

Sikuandikii ili utume chochote. Sisi tuliolelewa na Baba shida za shamba tunazisema kwa sauti, za moyo tunazimeza. Mimi leo nimechoka kumeza: niko mpweke. Ukipata likizo, njoo. Usiniletee zawadi, wala sitakupa jembe. Kaa tu mezani tule, chakula cha wawili kipate wawili.

Nisalimie wifi, na wanao wape mashavuni busu la shangazi. Baba na dada yako wanakusalimu sana. Mungu akulinde uendako na urudiko, akuepushe na njia zenye kujikwaa.

Ni mimi nikupendaye bila kupungua,
Dada yako mkubwa.