Miche ya Bi Mwanaidi

Jumatano

Nimewadanganya wageni leo. Nimewaambia yule mama anapogolea mikoko ili istawi. Wameniamini, wakampiga picha.

Alikuwa Bi Mwanaidi, wa kwanza kujiunga na kikundi chetu cha kutembeza wageni mikokoni. Mimi ndiye niliyemwendea nyumbani kumwomba aache kukata miti. Nilimwahidi kwamba atawapikia wageni chakula cha mchana na hatalihitaji tena panga. Akaacha, akapanda miche kwa mikono yake. Sasa imefika unene wa fito, na ndiyo aliyokuwa akiikata.

Wageni walipoondoka nilirudi kwake nikiwa na hasira. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama.

“Bi Mwanaidi, si tulikubaliana?”

“Tulikubaliana, mwanangu. Nimengoja tangu mfungo uishe. Leo wamekuja wawili, na chakula wamefungiwa na hoteli.”

Hoteli zinawafungia siku zote. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa ndizo zinazoniletea wageni.

Kesho afisa misitu anakuja kukagua miche. Nikimtaja, atapelekwa mahakamani kwa umri ule. Nisipomtaja, tutanyang'anywa sote kibali cha kutembeza wageni, na wenzake watarudi kwenye mapanga. Nimewaza tangu magharibi na sioni njia ya…

Mchana, kabla sijaachana na Bi Mwanaidi, fito zilikuwa nzito na magoti yanamsumbua. Nilitazama huku na huku kama kuna anayetuona, kisha nikamtwisha.